Kamba wa Tangi la Chumvi: Kazi Yake au Maisha Yake?

Mtu mwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, lenye mawe na matumbawe hai, akienda kununua kamba huulizwa swali moja kabla ya yote: unataka akufanyie kazi gani? Yupo kamba wa kula anemoni sumbufu, yupo wa kusafisha samaki, yupo wa kumaliza viti vya pweza vidogo vinavyozaana kwenye kioo. Tumelizoea swali hilo hata hatulihoji. Naona lihojiwe, kwa sababu mtu anaweza kulijibu vizuri kabisa na bado akamuua kamba wake kabla mwaka haujaisha.

Hoja ninayoileta mezani ni hii: *Kamba wa tangi la mwamba achaguliwe kwa kazi atakayoifanya.* Nimeipa sauti tatu. Mfugaji, mwenye tangi Nairobi, anaiunga mkono. Mtafiti, mwanasayansi wa viumbe vya bahari, anaipinga. Mzamiaji, mzee wa Shimoni kusini mwa pwani ya Kenya, aliyelea familia yake kwa kukamata viumbe vya mapambo, amekuja kusikiliza kwanza. Sauti nimezitunga mimi. Wanyama wanaotajwa na tabia zao ni wa kweli. Nimejipa uenyekiti, na mwishoni nitatoa uamuzi.

Duru ya kwanza: kamba mfanyakazi

MFUGAJI: Asante, Mwenyekiti. Mzee, shikamoo. Dada, habari za kazi.

MZAMIAJI: Marahaba, mwanangu.

MFUGAJI: Tangi langu ni la lita 300. Ukilinganisha na bahari, hiyo si kitu. Kila kiumbe ninachoingiza kinakula, na kinachokula kinachafua maji. Kwa hiyo kila anayeingia lazima awe na sababu ya kuwemo, na kwa kamba sababu ni kazi.

Nianze na aiptasia. Hii ni anemoni ndogo ya rangi ya kahawia inayoingia nyumbani imejificha kwenye jiwe. Ikishika, inazaana na kuchoma matumbawe yaliyo jirani. Ukiing'oa, kipande kilichobaki jiweni kinaota upya. Unaweza kuidunga dawa moja moja kwa sindano, lakini utazifikia zile tu unazoziona. Yuko kamba kutoka upande wa Florida na Karibi, Lysmata wurdemanni, mwenye mwili unaopitisha mwanga na mistari myekundu myembamba ya urefu. Usiku anaingia kwenye nyufa ambazo mkono wangu haufiki, na anazila.

Wa pili ni kamba msafishaji, Lysmata amboinensis: mwili wa njano, mgongo mwekundu wenye mstari mweupe katikati, na antena ndefu nyeupe. Samaki wanamjia, wanasimama wima, wanafungua midomo na matamvua, naye anawachokoa vimelea na ngozi iliyokufa. Wa tatu ni Hymenocera picta, mweupe mwenye mabaka makubwa ya waridi na buluu. Huyu anakula viti vya pweza, na mimi nilikuwa navyo mamia, vile vidogo vya Asterina. Kila tatizo la tangi lina kamba wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

MZAMIAJI: Methali hiyo ina siku mbili za kumlisha mgeni kabla ya jembe, mwanangu. Wewe unampa jembe mlangoni. Halafu mgeni wa methali alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Kamba huyu tumemleta sisi.

MFUGAJI: Nimelisikia hilo, Mzee. Lakini nisipomwita kwa kazi, nimwite kwa nini?

MTAFITI: Kaka, nianze kwa kukubali jambo moja: kazi hizo si hadithi za dukani. Kamba wasafishaji kweli wanasafisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, waliandika mwaka 2018 kwamba kamba hao wanaweza kusaidia kupunguza vimelea vya samaki wa kufugwa. Na L. wurdemanni na ndugu zake wa karibu kweli wanakula aiptasia. Ninachokataa ni kuifanya kazi kuwa kipimo cha kuchagua, na nitakuonyesha kwa mifano yako hiyohiyo.

Tuchukue ugonjwa wa madoa meupe, ambao ndio huwafanya wengi wakimbilie msafishaji. Kimelea chake, Cryptocaryon irritans, hakikai juu ya ngozi kikisubiri kuchokolewa. Kinajichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula, kisha kinajiachia na kushuka mchangani. Huko kinajifunga ndani ya kifuko, kinagawanyika mara nyingi, na watoto wake wanatoka kutafuta samaki mwingine. Kamba anaweza kuondoa baadhi, lakini mzunguko mzima hawezi kuukata. Mwenye tangi anayemtegemea hapo anachelewa kumtenga samaki mgonjwa, na samaki wanakufa huku msafishaji akiwa kazini.

Kisha angalia mtego ulio ndani yake. Dawa mojawapo inayotumika sana kwa kimelea hicho ni ya shaba. Shaba inaua kamba kwa kiasi ambacho samaki anakistahimili. Ukiitia ndani ya tangi, umemtibu samaki na kumwangamiza yule uliyemwita daktari. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye tangi la pembeni, kamba awepo au asiwepo.

MFUGAJI: Hilo nalikubali, dawa ya shaba sijawahi kuitia tangi kubwa. Ila anemoni je? Hapo hakuna shaba ya kumdhuru kamba.

MTAFITI: Anemoni ndogo atakula. Zile kubwa zilizonenepa mara nyingi anazipita. Ukimlisha vizuri vyakula vingine anaweza kuziacha zote, na ukimnyima ili ale anemoni, wengine wanageukia matumbawe laini. Lipo na kosa la utambuzi, ambalo ni baya zaidi. Katika Bahari ya Hindi tunaye kamba nundu, Rhynchocinetes durbanensis, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1936 kwa ajili ya mji wa Durban. Naye ana nyekundu na nyeupe. Mtu asiyewajua humchukua badala ya mla aiptasia, akampeleka kwenye matumbawe yake, na kamba nundu hutafuna matumbawe laini yale madogo ya jamii ya vifungo na ya uyoga.

MFUGAJI: Unawatenganishaje?

MTAFITI: Tazama macho na mistari. Kamba nundu ana macho makubwa, mgongo uliopinda juu, na mchoro mzito wa nyekundu na nyeupe uliochanganyika na madoa. Mwiba ulio juu ya uso wake una kiungo: anaweza kuuinua na kuushusha. Mla aiptasia ana mistari myembamba ya urefu, na mwili wake kama maji yaliyotiwa tone la rangi. Anayeulizia kazi tu hatazami hayo. Anasema nipe wa kula anemoni, anapewa mwenye mistari myekundu, anaondoka.

Duru ya pili: kazi ikiisha

MWENYEKITI: Mfugaji, umesema ulikuwa na viti vya pweza vidogo mamia. Yule kamba wa mabaka ya waridi akishavimaliza, anakula nini?

MFUGAJI: Hapo ndipo penye ugumu, Mwenyekiti. Hali kitu kingine.

MTAFITI: Hali kabisa. Hymenocera picta amejifunga kwa viti vya pweza. Wanaishi wawili wawili, dume na jike, wanakigeuza kiti cha pweza chali na kukila kidogo kidogo kuanzia kwenye ncha za mikono, kikiwa hai. Tangi likiishiwa Asterina, mwenye nyumba ana njia mbili: kununua kiti cha pweza kila baada ya muda maisha yote ya kamba, au kumpitisha kwa mwenzake mwenye tatizo kama lake. Asiyefanya mojawapo anamwangalia akifa njaa akiwa na rangi zake zote.

MZAMIAJI: Na hivyo viti vya pweza anavyonunua vinatoka wapi? Vinatoka mwambani, mikononi mwetu. Mtu anasema amenunua kamba wawili. Hesabu ya bahari haiishii kwenye wawili. Inaendelea kila wiki anapoagiza chakula chao. Mimi naishi kwa biashara hii, lakini mnunuzi wa namna hiyo simwonei fahari.

MFUGAJI: Mzee, wangu nilimpa mwenzangu mwenye viti vya pweza vingi, na yeye alijua atampitisha kwa nani. Tunaopokezana tupo.

MTAFITI: Hiyo ni njia nzuri, kaka, na ingekuwa desturi nisingekuwa na la kusema. Ila angalia umefanya nini: umeiuliza kazi kisha ukaenda mbele ukauliza na mlo wa kesho. Hoja yako haikukutaka ufanye hivyo. Umefanya kwa huruma yako mwenyewe.

MFUGAJI: Na msafishaji? Huyo hana tatizo la chakula.

MTAFITI: Hana, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kumpendekeza kwa mtu anayeanza. Anakula vipande vya nyama ya kamba wa mapishi, uduvi wa kugandishwa, na mabaki ya chakula cha samaki. Lakini jua utakayoyapata. Ni mwizi mkubwa. Ukiliweka tone la chakula kwenye mdomo wa tumbawe, anafika, anaingiza miguu yake na kukitoa. Aliyemnunua ili asaidie matumbawe atashangaa. Aliyejua anaishi vipi atamlisha yeye kwanza upande wa pili wa tangi, kisha arudi kwenye matumbawe yake.

Duru ya tatu: wawili na majirani

MWENYEKITI: Mzee, umesikiliza vya kutosha. Huko chini kamba hawa unawakuta vipi?

MZAMIAJI: Nitasema nilichokiona. Kusi likivuma maji huchafuka na bahari haituruhusu. Kazi yetu hasa ni wakati wa kaskazi, maji yakitulia na kuwa meupe. Msafishaji humkuti mchangani peupe. Yuko kwenye pango, chini ya ukingo wa mwamba, na mara nyingi na mkunga. Mkunga anafunua mdomo, kamba anaingia kwenye meno yale, anatoka salama. Mahali hapo samaki wanapajua na wanarudi. Anakaa na mwenzake.

Yule mwenye mikono mirefu, mweupe mwenye pete nyekundu, ambaye wengine humwita bondia, yeye ndiye wa wawili kwelikweli. Pango moja, dume na jike. Nilipoanza kazi tulikuwa tunakamata yeyote anayetangulia kuonekana. Baadaye wanunuzi wenyewe walitufundisha: leteni wawili wa pango moja, na kila mmoja mfuko wake. Ukiwachanganya na wengine mfuko mmoja, utafika Mombasa na miguu tu.

MTAFITI: Huyo ni Stenopus hispidus, Mzee, na anapatikana karibu bahari zote za joto duniani. Jike huwa mkubwa kidogo, na akikaribia kutaga utaona rangi ya buluu na kijani ndani ya mwili wake, kwenye ovari. Ukiweka wawili wa jinsia moja kwenye tangi dogo, mmoja atakufa. Hata akiwa peke yake ni hatari kwa kamba wadogo, na samaki mdogo anayelala chini anaweza kukamatwa. Kwa hiyo bondia na msafishaji mdogo kwenye lita 100 ni ugomvi ulionunuliwa kwa fedha.

MFUGAJI: Wasafishaji je? Nimeona matangi ya maonyesho yenye kundi zima.

MTAFITI: Hilo lina utafiti wake. Mwaka 2011 watafiti Wong na Michiels walichapisha matokeo ya kuwafuga L. amboinensis katika makundi ya ukubwa mbalimbali. Makundi yaliyozidi wawili hayakudumu: waliuana, hasa mmoja anapojivua gamba na mwili wake kuwa laini, mpaka wakabaki wawili. Na hawa wana jambo la ajabu. Kila mmoja huanza maisha akiwa dume, kisha akikomaa huwa na viungo vya kike na vya kiume kwa pamoja. Hawezi kujitungisha mwenyewe, ila wawili wowote waliokomaa wanaweza kuwa jozi, wakipokezana kubeba mayai. Kwa hiyo mnunuzi hana haja ya kutafuta dume na jike. Anunue wawili, asinunue watano.

MFUGAJI: Hapo umenipa kitu ambacho muuzaji wangu hakunipa. Aliniambia niweke mmoja kwa kila samaki kadhaa, kama mafundi.

MZAMIAJI: Na majirani wengine usisahau. Mimi nikiona kikande au bunju kwenye oda moja na kamba, najua huyu mtu hajui anachokifanya. Kikande kazi yake kuvunja magamba. Chewa anaweza kumwacha msafishaji akimchokoa meno, kwa sababu anamjua. Kamba wa namna nyingine chewa huyohuyo atammeza.

MWENYEKITI: Kuna kamba ambaye pande zote mbili mnaweza kumkubali?

MTAFITI: Kwangu ni kamba mpiga risasi, jamii ya Alpheus, anayeishi na samaki wa gobi. Na samahani, Mfugaji, huyu hana kazi yoyote ya kukufanyia.

MFUGAJI: Usiombe samahani, dada. Ninao. Ndio ninaowatazama kuliko wote.

MTAFITI: Basi waeleze wasomaji.

MFUGAJI: Kamba anachimba shimo chini ya jiwe. Anaubeba mchanga kwa mikono yake kama tingatinga, anaumwaga nje, anarudi. Macho yake hayaoni vizuri. Gobi anakaa mlangoni akitazama nje, na kamba kila anapotoka ananyoosha antena yake imguse gobi mkiani. Gobi akiona hatari anatetemesha mkia, wote wawili wanapotea ndani. Wageni wangu wakija, hakuna anayeuliza bei ya matumbawe. Wanauliza hao wawili walijuanaje.

MTAFITI: Na mkono wake mmoja mkubwa unafunga kwa kasi kiasi cha kurusha maji na kuzaa kiputo. Mwaka 2000 mtafiti Versluis na wenzake walionyesha kwamba mlio tunaousikia hautokani na vidole kugongana. Unatokana na kiputo hicho kinapoporomoka. Mlio huo ndio unaojaza bahari za mwamba usiku na mchana.

MZAMIAJI: Tunaujua. Ukitia kichwa majini unausikia, kama mafuta yanayokaangwa.

MTAFITI: Sasa angalia huyu anadai nini. Anataka mchanga wa kina, wenye vipande vya makombe vya kujengea kuta. Anataka mawe yakae moja kwa moja juu ya sakafu ya tangi, mchanga ujazwe baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga atachimba chini yake na jiwe litamwangukia yeye au litapasua kioo. Anataka gobi wa aina anayeelewana naye, na tangi lifunikwe kwa sababu gobi huruka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojibiwa na swali la kazi. Kaka, wewe uliyajibu yote kwa sababu ulitaka kuwaona wakiishi.

MFUGAJI: Ni kweli.

Duru ya nne: ametoka wapi

MWENYEKITI: Mpaka sasa tumezungumza kana kwamba kamba huzaliwa dukani.

MTAFITI: Wengi sana hutoka baharini. Ripoti ya mwaka 2003 ya UNEP-WCMC, kituo cha Umoja wa Mataifa cha kufuatilia uhifadhi wa viumbe, ilikadiria kwamba biashara ya viumbe vya matangi ya chumvi duniani ilikuwa ikichukua kila mwaka samaki milioni 20 hadi 24, na wanyama wasio na uti wa mgongo, mbali na matumbawe, milioni 9 hadi 10. Matumbawe magumu yamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo yanasafiri na karatasi. Kamba hawa hawamo. Ndiyo maana nasisitiza: palipo na kamba waliozalishwa kwa kufugwa, tuwanunue hao.

MFUGAJI: Wapo?

MTAFITI: L. wurdemanni wapo, kwa sababu viluwiluwi vyake vinakomaa kwa muda wa mwezi mmoja hivi au kidogo zaidi. Msafishaji na kamba wa moto, Lysmata debelius, ni wagumu: viluwiluwi vyao huelea kwa miezi kabla ya kutulia chini. Mayai utayaona nyumbani mara kwa mara, ya kijani, chini ya tumbo la mama. Yakianguliwa usiku, asubuhi yameliwa na samaki au yamevutwa na pampu.

MZAMIAJI: Binti yangu, nakuheshimu, lakini hapo nakukatalia. Mnasema wa kufugwa ni bora. Atazalishwa wapi? Katika nchi za watu wenye maabara. Fedha itabaki huko, na sisi tutaambiwa tutafute kazi nyingine. Mimi namkamata kamba kwa kiwavu cha mkononi, mmoja mmoja, bila kuvunja jiwe. Nikilivunja pango leo, kesho sina pa kurudi. Mwaka 1998 maji yalipopata joto na matumbawe yakapauka na kufa, tulioumia kwanza ni sisi. Kijana anayepata riziki kutoka mwamba ulio hai ana sababu ya kumkemea mwenye baruti na mwenye juya. Ukimwondolea riziki hiyo, nani atakemea?

MTAFITI: Mzee, hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipunguza. Hapo kwenu mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite unajulikana, na ndani yake hakuna kukamata. Mkamataji anayeujua mpaka na anayetumia kiwavu si adui wa mwamba. Tatizo ni kwamba mfuko ukifika dukani Nairobi au ng'ambo, wa kwako na wa mvunja mawe wanafanana.

MZAMIAJI: Basi mnunuzi aulize. Amekamatwa wapi, kwa zana gani, na amekaa njiani siku ngapi. Muuzaji asiyejua, amwachie kamba wake. Maswali hayo yakifika kwetu na bei ikafuata, utaona mabadiliko. Sisi tunalipwa kwa kichwa. Akifa njiani, hasara inarudi kwa aliye chini, na kesho yake anakamata wengi zaidi kuifidia.

MFUGAJI: Nimekuwa nikinunua kamba wa bei nafuu kabisa. Sikujua ninamlazimisha mtu kukamata wawili ili mmoja afike.

Duru ya mwisho: siku ya kununua

MWENYEKITI: Tushuke kwenye vitendo. Mtu yuko dukani. Afanye nini?

MTAFITI: Amwombe muuzaji amlishe kamba mbele yake. Asiyekula aachwe. Mwili uwe na rangi wazi, nyama isiwe na ukungu wa maziwa. Antena iliyokatika si kasoro kubwa, huota upya akijivua gamba. Miguu mingi iliyokatika ni dalili ya ugomvi au safari mbaya. Aangalie pande zote mbili za gamba la kifua. Uvimbe wa upande mmoja, kama shavu lililojaa, ni kimelea kilichojibanza kwenye matamvua. Na aulize kama maji ya hapo yamewahi kutiwa shaba.

MFUGAJI: Nyumbani, tangi liwe limekomaa. Amonia na nitraiti ziwe sifuri, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, kipimo cha msongamano kisome karibu 1.026, na joto la nyuzi 25 au 26. Kamba aingizwe polepole, maji ya tangi yakimdondokea kwa mrija tone kwa tone kwa muda wa saa moja au mbili, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ya chumvi humwua haraka kuliko samaki. Maji ya mfuko yamwagwe. Na siku moja ukikuta kamba amelala chini hana kitu ndani, usilie. Ni gamba alilolivua. Mwenyewe yuko nyuma ya jiwe, laini, akisubiri gamba jipya liwe gumu. Usimsumbue, na usiyahamishe mawe kumtafuta.

MZAMIAJI: Hilo la maficho liandikeni kwa herufi kubwa. Tangi lisilo na pango halina kamba. Lina chakula cha samaki.

Uamuzi wa mwenyekiti

Hoja imeanguka, na Mfugaji mwenyewe ameiangusha kwa mambo anayoyafanya nyumbani kwake. Alipompitisha kamba wa viti vya pweza kwa mwenzake, alipoyakalisha mawe juu ya sakafu kwa ajili ya mpiga risasi, hakuwa akichagua mfanyakazi. Alikuwa akibeba dhima ya maisha ya kiumbe aliyemleta. Kazi ya kamba ni ya kweli, na Mtafiti hakuikana. Lakini kazi huisha. Anemoni zikiliwa zikaisha, kamba bado yuko, na ana miaka mbele yake ya kula, kujivua gamba, kupigana na kutafuta mwenzake.

Palipobaki bila mwafaka ni kati ya Mtafiti na Mzee, na mimi naegemea kwa Mzee kwa sharti moja. Kamba wa baharini anunuliwe pale tu muuzaji anapoweza kusema amekamatwa wapi na vipi, na bei impe mkamataji sababu ya kumfikisha hai. Pasipo na majibu hayo, Mtafiti ana haki: anunuliwe wa kufugwa au asinunuliwe kabisa.

Kwa tangi la kwanza ningesema wasafishaji wawili, si zaidi. Mwenye mchanga wa kina na subira atafute mpiga risasi na gobi wake, akijua anawanunua kwa ajili ya kuwatazama. Bondia aje kama jozi iliyokwisha kuthibitika, pasipo kamba wengine wadogo. Mla aiptasia aje baada ya mnunuzi kuyaangalia macho na mistari yake mwenyewe. Kamba wa viti vya pweza namshauri msomaji amwache, isipokuwa ameshajua atampitisha kwa nani.

Na maswali yafuate mpangilio huu: atakula nini mwaka ujao, ataishi na nani, ametoka wapi, na mwisho kabisa, atanisaidia nini. Asiyeweza kulijibu la kwanza asinunue leo. Tangi lake likae bila kamba mpaka aweze.